Kurunzi Niliyopewa na Matroni

Kitu cha kwanza nilichokabidhiwa kazini kilikuwa kurunzi. Mkasi, uzi wa kufungia kitovu na dawa ya kuoshea mikono vilikuja baadaye. Kurunzi niliwekewa mkononi na Matroni mwenyewe, mkuu wa wauguzi wote, nami sijajua hata pa kutundika buibui langu. Ilikuwa ya bati, ndefu, nzito ya kutosha kumvunja mtu pua, na ndani ilikula mawe, maana betri tuliziita mawe.

"Hii si ya kuonea njia," aliniambia. "Njia utaizoea. Hii ni ya mtu atakayekuvizia njiani."

Miaka hiyo ya hamsini mkunga alikwenda kwa miguu. Nyinyi mnaochukuliwa kwa gari hadi mlangoni mtaona nawatania, lakini uchungu haungoji kupambazuke. Anayekuja kukuita huja na baiskeli, akakueleza nyumba ilipo, akatangulia kurudi kwa mkewe. Wewe unafuata peke yako. Kwa hiyo Matroni alitufundisha kujilinda kama alivyotufundisha kupapasa tumbo ili kujua mtoto amelalaje. Alitutia kwenye stoo ya mablanketi, akafunga madirisha, akamwambia mlinzi wa lango atukamate gizani. Fumba jicho moja, alisema, ili lisisahau giza. Mmulike machoni ghafla, zima, kisha hama pale uliposimama, kwa sababu mtu aliyepofuka hurukia pale mwanga ulipotokea. Maskini mlinzi yule alijigonga kwenye rafu mpaka akaomba arudishwe langoni kwake.

Nilifanya kazi wodini Msambweni, nikapelekwa Tiwi kwetu kwa muda, kisha Bwana Afya, aliyesimamia zahanati za upande ule, akanihamishia Majoreni. Alikuwa mtu mwenye mkono wa birika. Mawe mapya hakunipa mpaka nirudishe yaliyokufa, na kila mara aliniuliza kama nilikuwa nikimulika nyota. Majoreni sikuwa na ndugu. Mume wangu alikuwa ameniacha kwa ajili ya kazi hii ya kutoka nyumbani jua likizama, na mtoto hatukuwa tumejaliwa. Niliwapokea watoto wa wenzangu, nikarudi kwenye chumba changu kupika chakula cha mtu mmoja.

Huko ndiko mtu alikonifuata, kwenye njia ya kando ya mikoko. Nikienda upesi, anaongeza mwendo. Nikisimama, anasimama. Nikafumba jicho, nikageuka, nikammulika, nikazima, nikaruka pembeni. Alikuja mbio, akakumbatia hewa, akaanguka topeni, nami nikatimua mbio. Sijamjua ni nani mpaka leo. Kuanzia hapo sikuthubutu kutembea gizani bila mwanga. Niliiwasha kurunzi kibarazani kwangu, nikaizima kibarazani kwa mgonjwa.

Basi watu wakaacha kunisalimu. Kwetu, anayekaribia mji wa mtu jioni hutoa salamu tangu mbali na kutaja jina lake, na walio ndani humwitikia kabla hawajamwona. Mimi nilitoa salamu, nikapata kimya. Niliona kibatari kikiwaka kwa mbali, na nikisogea kilizimwa. Nilidhani wamenichukia, mwanamke aliyeachwa anayezurura na taa ya serikali. Nasema kweli, nililia njiani zaidi ya mara moja.

Alasiri moja akaja Bakari, mvuvi, kuniambia mkewe Mwanasha ameshikwa na uchungu, mimba ya kwanza, na tangu asubuhi mtoto hasogei mbele. Akanieleza njia, akatangulia na baiskeli yake. Nilifika baada ya magharibi. Kibatari kilizimwa nikiwa bado shambani. Nilipiga hodi mlangoni, nikapiga tena. Hakuna aliyejibu, ila nilisikia mtu akiguna ndani kwa sauti iliyozibwa, na nikajua ni Mwanasha, ameuma leso asisikike. Mtoto aliyekwama hana muda wa kungoja watu wakubaliane, na mlango ulikuwa umekomelewa.

Ndipo nikasikia pumzi nyuma yangu, kwenye migomba. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye swichi. Nilikuwa nimekwisha kufumba jicho.

Sauti ya mwanamke mzima ikatoka ndani, mkwewe Mwanasha. "Kama wewe ni mkunga kweli, zima kurunzi yako. Karani wa kodi huja na kurunzi kama hiyo, na juzi alitanguliza mwanamke kupiga hodi."

Sijapata kuogopa vile. Matroni hakunifundisha neno la kufanya mtu anapokuwa mgongoni na unaambiwa uzime. Nikaizima. Giza lilinifunika, na nyuma yangu majani ya mgomba yakachakarika.

"Mimi ni Mwanakombo binti Hamisi, wa Tiwi," nikasema. "Niko peke yangu."

"Nyuma yako ni mimi, Bakari," ikajibu sauti, karibu kuliko nilivyodhani. "Usigeuke na taa, dada. Nina panga, na nimekwisha kuliinua."

Alikuwa hajalipa kodi mwaka ule. Alipouona mwanga alidhani ni karani, akaingia migombani, akaapa kwamba hachukuliwi mkewe akiwa katika hali ile. Ningalimmulika machoni nikaruka pembeni, angalipiga pale alipouona mwanga, na sijui kama ningaliruka mbali vya kutosha.

Mlango ukafunguliwa. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni, na kibatari hakikutosha kuonyesha pa kukata. Mama mkwe ndiye aliyeishika kurunzi, akaimulika mikono yangu bila kutikisika mpaka mtoto alipolia. Alikuwa msichana. Bakari alilia kwa kelele kuliko yeye.

Kuanzia hapo niliiwasha porini tu, na nikifika mwanzo wa shamba la mtu naizima, naita jina langu. Wakaanza kuniitikia. "Mwanakombo, pita salama." Hakuna aliyetoka kunisindikiza, na sikuwaomba, lakini mtu anayetembea peke yake hushiba kwa kuitikiwa.

Nilistaafu nikarudi Tiwi. Kurunzi ninayo, bati limeliwa na chumvi. Siku hizi kila kijana ana taa kwenye simu yake, anakumulika usoni ndipo anauliza wewe ni nani. Wajukuu wa ndugu zangu hunicheka, maana nikirudi kutoka msikitini baada ya magharibi, nafika penye uzio wangu, naizima kurunzi, nasema, "Mwanakombo binti Hamisi, niko peke yangu." Kisha nasimama kidogo, kama ilivyo desturi, kuwapa nafasi ya kuitikia walio ndani. Ndani hamna mtu. Nafungua mlango mwenyewe.