Kisiki Nilichowaficha Wageni wa Mtandaoni

Nakumbuka asubuhi moja nilipotoka Mtowisa, kule bondeni, na mfuko wa rambo wenye suruali moja na redio mbovu, bila kumuaga mtu, kwa sababu hata mimi sikujua naenda wapi. Usidhani, mwanangu, nilikuwa nimegombana na yeyote. Nilimaliza kuvuna mpunga wa watu, nikaliona lori la mchele linawashwa, nikapanda. Ndivyo nilivyokuwa. Shule niliiacha darasa la tano. Mwalimu alichoka na maswali yangu, na mimi nikachoka na fimbo yake.

Lori lilipanda mlima siku nzima. Joto la bonde likabaki chini, na tulipofika juu upepo wa Ufipa ukanikuta na shati jepesi. Sumbawanga nilishuka natetemeka. Utingo akanielekeza mtaa wa Kizwite kwa mwanamke aliyekuwa na chumba cha uani. Mwanamke huyo ni Dada Skola, na chumba alinipa kwa sharti la kumfagilia duka.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipoachia biashara. Duka la ushirika likawa makazi ya panya, na kila mwenye chumba kinachotazama barabara akafungua kitu. Dada Skola alifungua stationery: mashine ya fotokopi, kompyuta mbili, na mtandao uliopita kwenye waya wa simu. Unaomba ukurasa, unakwenda kunywa chai, unarudi unaukuta nusu. Mimi wa kufagia nikaanza kuchungulia, kisha kubonyeza, na baada ya miezi michache nikawa ndiye mchapaji wa duka.

Kompyuta zile zilitumia mfumo unaoitwa Linux. Kaka yake Skola aliuleta kwenye CD kutoka Dar es Salaam. Skola akaniambia mfumo huo hauuzwi. Watu wa nchi mbalimbali wanautengeneza pamoja, na ukikwama unawaandikia kwenye kundi lao la mtandaoni, wanakujibu bure. Nilicheka. Nimelima kwa watu, nimechunga ng'ombe wa watu, sikuwahi kuona mtu anayefanya kazi bila kuuliza atapata nini. Nikawajaribu kwa swali dogo, namna ya kuunganisha printa. Niliandika kwa Kiingereza cha kuokoteza, kamusi ikiwa pajani. Kesho yake nikakuta majibu manne. Nilibaki naitazama skrini kama mtu aliyekuta chakula mezani kwake na mpishi hayupo.

Aliyenijibu mara nyingi alijiita kwa jina la ndege wa kwao. Sikuweza kulitamka, kwa hiyo hapa nitamwita Ndege. Kila barua nilimwanzia "kaka yangu".

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapoanza kuaibika.

Alikuja pale dukani mzee mmoja wa kijiji cha Mollo, Mzee Sikazwe, na baiskeli yake na madaftari sita kwenye keria. Kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili alipima mvua kwa kopo la maziwa ya unga na rula ya shule, akaandika. Wakulima walimwendea kumuuliza lini wapande mahindi na lini ulezi, naye hakubahatisha, alifungua daftari. Mchwa walikuwa wameanza kula pembe za karatasi, ndiyo maana akataka zichapwe. Siku isiyo na mvua hakuandika sifuri. Aliandika "upepo". Na katika mwaka mmoja mwandiko unabadilika, unakuwa wa mviringo na wa kuinama. Alinieleza kwamba mwaka ule aliugua miguu, na aliyepima ni mkewe, ambaye sasa ni marehemu.

Nilichapa miezi miwili. Nilipomaliza nilijiona nimekuwa mtu mkubwa. Wino wa printa ulikuwa bado unasubiriwa kutoka Mbeya, lakini mimi moyoni kazi ilikwisha. Mlangoni petu aliuza maandazi Mama Kulwa, Msukuma aliyehamia na familia yake na ng'ombe wao. Akaniomba karatasi za kufungia. Nikampa madaftari ya Mzee Sikazwe, yote sita. Nikamwambia mvua imeshaingia kwenye mashine, haya ni makapi.

Siku nne baadaye umeme ulikatika kompyuta ikiwa inafanya kazi. Uliporudi, mashine ile iliyobeba mvua ikagoma katikati, maandishi meupe kwenye giza. Nikakaa kwenye ile nyingine, nikaliandikia kundi. Ndege akajibu upesi kwa maswali matatu: skrini imeandika nini, neno kwa neno, umegusa nini tangu umeme urudi, na je, kazi yako unayo nakala yake mahali pengine?

Mawili ya kwanza niliyajibu. La tatu nikaliacha kwanza. Dirishani nilimwona Mama Kulwa akimfungia mteja maandazi mawili. Ningewaambiaje watu wa dunia nzima, wanaoniona kijana mwerevu wa Ufipa, kwamba nakala imefungiwa maandazi? Nikaandika: ninayo.

Neno moja tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ndege akajibu kwamba vizuri, basi njia fupi inatosha. Akanipa amri ya kukarabati diski, akasema niiache mashine ijijibu "ndiyo" kwa kila swali. Nikafanya. Maswali yalipita mbio, na mashine ikajijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayetia sahihi karatasi asizozisoma. Kisha ikawaka. Nilipiga makofi peke yangu. Nikafungua mahali nilipohifadhi kazi ya mzee, na hapakuwa na kitu. Miaka ishirini na miwili ya mvua, na mbele yangu ukurasa mweupe.

Nikamwandikia Ndege kwamba faili hazipo. Akanipa pole, akasema ndiyo maana aliuliza. Nirudishe tu ile nakala yangu. Akaongeza kwamba ningekuwa sina, angenizuia kugusa chochote kabla ya kunakili diski nzima. Niliisoma sentensi hiyo mara mbili. Njia salama ilikuwapo. Alikuwa nayo mkononi, na mimi ndiye niliyemwambia aiweke chini.

Nikatoka mbio hadi kwa Mama Kulwa. Alikuwa amebakiza nusu ya daftari moja. Nikamwambia nayataka yote. Akanitazama kwa huruma ya mtu anayeongea na mgonjwa.

"Kaka, hiyo mvua yako watu wameila na maandazi tangu Ijumaa."

Nilikwenda Mollo kwa baiskeli ya Skola, upepo ukinipiga usoni njia nzima. Mzee alikuwa ukingoni mwa shamba, ananoa jembe. Nikamwamkia shikamoo, tukajuliana hali kirefu kama ilivyo desturi, na bado sikujifunza, mwanangu. Nikamwambia umeme umekula kazi yake. Akanipa pole mimi. Akasema si neno, tutachapa upya, madaftari si yapo.

Hapo uongo ukaniishia. Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia yote, la maandazi na la uongo wa mtandaoni.

Nilitegemea kipigo au laana. Mzee alichukua fungu la vijiti, akaingia shambani, akawa anapapasa nyasi kwa mguu. Kila alipogusa kisiki au jiwe, alichomeka kijiti. Kesho yake majirani walikuwa waje kumsaidia kufukia nyasi na kuinua matuta, kisha wanywe pombe ya ulezi pamoja. Nilimfuata nyuma kama mbwa aliyefanya kosa.

"Unajua kwa nini naweka vijiti?"

Nikasema ili watu waone visiki.

"Mtu anayekuja kukulimia anakuja na jembe lake. Ukificha kisiki chini ya nyasi ili shamba lako lionekane zuri, jembe la mgeni litavunjika. Naye atarudi kwake akidhani hajui kulima." Akachomeka kingine. "Huyo aliyekupa ile amri, anajua kwamba umemvunjia jembe?"

Nikasema hajui.

"Basi rudi kamwambie. Mvua nitapima nyingine."

Mwanangu, nimetembea nchi nyingi tangu siku ile, sijawahi kushtushwa na maneno kama hayo. Mtu nimempotezea miaka yake, na mwandiko wa mkewe ndani yake, naye anafikiria aibu ya mgeni asiyemjua, aliye ng'ambo ya bahari, ambaye jina lake sikuweza hata kumtamkia.

Nilirudi, nikaandika kwa kundi zima. Nilisema sikuwa na nakala, nilidanganya kwa aibu, na kosa si la Ndege. Mmoja akanijibu kwamba watu kama mimi ndio wanaowachosha wengine. Alisema kweli. Ndege hakuandika siku mbili. Siku ya tatu ikaja barua yake. Kwanza, alisema, niache kumwita kaka. Yeye ni mwanamke, ana wajukuu. Skola alicheka hadi akashika meza. Pili, alikuwa amenikasirikia, na sasa hasira zimepungua. Tatu, nisiandike chochote kipya kwenye mashine ile, kwa sababu ukarabati ule huwa hautupi kila kitu. Vipande visivyo na mwenyewe huviweka kwenye folda ya peke yake, ya vitu vilivyopotea vikaokotwa, na huvipa namba badala ya majina. Je, kuna neno moja ambalo mzee alilirudia sana?

Nikamwandikia: upepo.

Akanipa amri ya kutafuta neno hilo ndani ya vipande vyote. Nilipobonyeza, skrini ikajaa. Upepo, upepo, upepo, mistari isiyo na mwisho, siku ambazo mvua haikunyesha ndizo zilizoniletea zile zilizonyesha. Nililia mbele ya wateja. Ilituchukua wiki tatu kuvipanga, mimi na Ndege na watu wengine watano wa kundi lile, akiwemo yule aliyenikaripia. Walikuwa wakibishana kama msimu fulani uje kabla ya mwingine, watu ambao hawajapata kuona ulezi, na hakuna hata mmoja aliyetaja malipo.

Tulipata miaka kumi na saba. Mitano haikurudi.

Nilimpelekea Mzee Sikazwe kitabu kilichochapwa, pamoja na ile nusu ya daftari. Akaketi, akafungua taratibu, akifuata tarehe kwa kidole. Nilijua anatafuta mwaka upi, na nilijua haumo. Alifika pale ulipopaswa kuwa, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaenda mbele tena. Kisha akafunga.

"Umenirudishia nyingi," akasema.

Hata leo nikiikumbuka sauti ile naona afadhali angenichapa. Majuto ni mjukuu, nami mjukuu huyo nimemlea. Nilipoinuka kuaga, akaingia ndani akatoka na kopo jingine la maziwa ya unga na kipande cha rula. Akaniambia kwa kuwa mimi sikai, nipime huko niendako.

Sikukaa Sumbawanga muda mrefu baada ya hapo. Asubuhi moja tena lori likawashwa, hili la kwenda Mpanda, nikapanda na kopo langu. Nilifika jua likielekea kuzama, nikaulizia pa kulala, nikapelekwa kwa mama mmoja mjane mwenye vyumba viwili. Alinitazama, akalitazama kopo, akaniuliza mimi ni mtu wa namna gani.

Zamani ningemwambia mimi ni fundi kompyuta. Nikakaa kwenye kizingiti nikamwambia: shule niliacha la tano, mahali sikai sana, na kule nilikotoka nimepoteza miaka mitano ya mvua ya mzee mmoja kwa kuona aibu kusema kweli. Kompyuta nazijua kidogo, na nisipojua nitauliza.

Akasema wapangaji wote waliotangulia walijisifu, na wote waliondoka na mashuka yake. Akanionyesha chumba. Kabla ya kuingia nikaliweka kopo uani, mbali na paa.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Leo una simu mkononi na dunia yote imo, na siku utakayokwama utawaita watu usiowajua wakusaidie. Waite, kuuliza si ujinga. Lakini kabla hawajaingia shambani kwako, pita wewe kwanza, uchomeke vijiti: sema ulichokiona, sema ulichokigusa, na hasa sema kile usichotaka kukisema, kwa kuwa ndicho kitakachovunja jembe. Mficha uchi hazai. Ukikosea, kamwambie kwanza uliyemtia aibu, ndipo uhesabu hasara yako. Na usiwape wauza maandazi kitu kabla hujakiweka mahali pawili.

Mungu akujalie wageni wenye majembe makali na mioyo myepesi. Akupe ulimi usioogopa kweli. Na mvua yako, popote utakapolala, ikute kopo lako liko uani.