Mama Ratiba na Mechi Moja Iliyobaki

Kitendawili! Nina mgeni wangu: asipofika, shughuli haianzi. Akifika, nusu ya waliokuja wanamtukania mama yake. Na akiifanya kazi yake vizuri, hakuna anayekumbuka hata sura yake. Ni nani huyo?

Fikiri kidogo. Umeshindwa? Haya, nipe mji. Ni refa wa mpira.

Kuna na kingine, kigumu kuliko hicho. Mgeni huyo anatumwa na nani? Nani anayekaa akaamua kwamba fundi bomba aende uwanja wa shule na kinyozi aende uwanja wa reli?

Jibu limekaa kibarazani, miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, simu sikioni.

Ni Alhamisi alasiri. Kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa waya mguu mmoja, mwanamke mnene mwenye kanga begani anaongea kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu.

"Kinyozi, sema ukweli wako. Hiyo sauti ni mafua au ni uvivu?"

Upande wa pili mtu anacheka, kisha anakohoa ili ahurumiwe.

"Usinikoholee mie. Jumamosi ni uwanja wa reli. Sokoni hapana. Timu nzima unawashika vichwa kila wiki. Ukiwaonyesha kadi nyekundu, nani atakaa tena kwenye kiti chako?"

Anakata, anajipepea kidogo, anapiga nyingine.

Wanamwita Mama Ratiba, hata wajukuu zake wakitaka kumchokoza. Umri wake umeshavuka sitini, ingawa ukimuuliza atakwambia aliacha kuhesabu alipopata mjukuu wa kwanza. Yeye ni katibu wa kamati ya waamuzi katika chama cha soka cha wilaya. Kazi yake ni kuwapangia marefa mechi. Posho anayopata inaishia kwenye vocha za simu, na mwisho wa mwezi vocha ananunuliwa na mkwewe.

Kazi hii ameifanya miaka ishirini na kitu. Katika miaka yote hiyo hajapuliza filimbi uwanjani hata mara moja, na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Ukitaka kujua alivyoingia, muulize kuhusu kamba.

Marehemu mume wake alikuwa refa, baadaye akawa katibu. Siku hizo chama kilikuwa hoi. Jezi nyeusi zilikuwa chache na marefa walizivaa kwa zamu. Mechi ikiisha, jezi zinarudi kwa katibu, zinafuliwa, zinaanikwa kwenye kamba ya mbele, ile inayoonekana kutoka barabarani.

"Kamba ndiyo ilikuwa ratiba," anasema, na uso wake wote unafunguka. "Simu za kutembea nazo zilikuwa wapi? Kila refa alikuwa na kibanio chake cha nguo, rangi yake. Anapita na baiskeli, anatupa jicho. Kibanio chako kimeshika jezi iliyotazama juu, una mechi reli. Imetazama chini, uwanja wa shule. Hukioni kibanio chako, nenda kalime."

Anacheka mpaka maji yanamwagika kutoka kwenye beseni.

"Siku moja upepo ukaangusha kibanio cha bluu. Timu mbili zikakaa uwanjani zinatazamana mpaka magharibi. Refa mwenyewe yuko shambani, anapalilia zake kwa raha!"

Jumapili jioni marefa walikuwa wanarudi hapo hapo kibarazani na matope yao. Walikunywa chai ya birika kubwa, wakasimulia matusi waliyotukanwa, moja baada ya jingine, mpaka yakageuka vichekesho. Mtu aliyefika amenuna aliondoka ameshika mbavu. Mke kijana wa katibu alikuwa anamimina chai na kusikiliza. Alijua nani hawezi kwenda wapi: huyu kaoa kule, yule kagombana na kocha wa timu fulani, mwingine akipewa uwanja wenye kilima goti lake linalia wiki nzima.

Halafu mume akaugua.

"Ile miezi ya mwisho alikuwa kitandani, anataja jina, mimi naanika," anasema polepole. "Ikafika siku akawa hataji tena. Mimi nikaendelea kuanika."

Baada ya mazishi, wazee wa chama walimwambia ashikilie pale mpaka wapate mtu. Mtu hakupatikana. Kamba ikaja kukatwa siku walipopanua barabara, simu zikaja, jezi zikawa za rangi na kila refa akanunua yake. Mama Ratiba akabaki palepale kibarazani.

Aliyelianzisha suala la filimbi si adui. Ni Mzee Njano, rafiki wa marehemu, refa wa zamani ambaye sifa zake bado zinasimuliwa. Jina alilipata siku alipowaonyesha kadi ya njano kocha, golikipa na muuza maji katika mechi moja. Kibanio chake kilikuwa cha kijani. Yeye na Mama Ratiba wanaitana shemeji, na chai ya Jumapili bado anakuja kuinywa, peke yake siku hizi.

Msimu uliopita Mama Ratiba alipanga mechi ya Stendi na Sokoni, timu zinazochukiana kama wake wenza. Akatafuta refa asiye na ndugu, mchumba wala mteja upande wowote. Akampata nesi mmoja kijana, mgeni mjini, aliyemaliza kozi ya uamuzi karibuni. Kwa hesabu za kibarazani, huyo ndiye alikuwa msafi kuliko wote.

Nesi akakataa bao dakika za mwisho. Watu wakavunja uzio. Alifungiwa kwenye chumba cha vifaa, kati ya nyavu na mipira iliyopasuka, mpaka polisi walipokuja kumtoa.

"Maamuzi yake yalikuwa sahihi," anasema Mzee Njano, akitikisa kichwa. "Lakini mtu aliyewahi kusimama pale katikati asingempeleka yule binti mwaka ule. Angejua kuna sauti fulani ya uwanja, ukiisikia mara ya kwanza, miguu inasahau kazi yake. Hiyo huijui kwa kumimina chai. Shemeji yangu anawajua watu. Uwanja haujui."

Mama Ratiba hilo halibishii. Alikwenda kumwona nesi kesho yake, akakaa naye kitandani.

Nesi mwenyewe ana maneno yake. "Nilitetemeka, sikatai. Ila asingenipa mechi ile kwa kunionea huruma, ningekasirika zaidi. Wangapi wamekaa na filimbi mfukoni wakisubiri mtu awaone wamekua?"

Basi kanuni mpya ikaja kutoka makao makuu: anayepanga waamuzi awe amechezesha yeye mwenyewe walau mechi moja rasmi. Mzee Njano akaisimamia kwenye kikao, katika ile ofisi ya chama yenye feni moja na viti vya kuazima. Akavua kofia, akamgeukia Mama Ratiba.

"Shemeji, wewe ni dada yangu, ila hapa nasema kama mjumbe. Umekaa na marefa maisha yako yote. Mumeo refa. Miguu ulikuwa nayo, na mdomo ndiyo usiseme. Kwa nini hukupuliza hata siku moja?"

Wajumbe walicheka, kisha wakaona yeye hacheki. Alikuwa anakunja ncha ya kanga yake, anaikunjua, anaikunja tena.

"Mwenyekiti," akasema, "tuendelee na ajenda."

Uamuzi ukapita: achezeshe mechi moja kabla msimu haujaisha, ama kiti akiache. Ni Mzee Njano huyo huyo aliyesimama tena kuuliza kama mechi ya watoto wa shule inahesabika. Mwenyekiti akapekua kanuni, akasema inahesabika, mradi iwe kwenye ratiba ya chama. Wengine wakanong'ona kwamba mzee anauma na kupuliza.

Nyumbani, mkwewe alimwekea chakula na kumwuliza kulikoni. Mama Ratiba akamweleza yote.

"Si uachie tu, mama? Upumzike."

"Nipumzike na nani? Wewe unakwenda kazini, watoto shule. Alhamisi simu isipolia, mwanangu, nitaisikia hii nyumba ilivyo kubwa."

Asubuhi yake mkwe alimletea viatu vyake mwenyewe vya mazoezi, vya kamba nyekundu.

Wiki zilizofuata, majirani walipata sinema ya bure. Nesi akitoka zamu anapitia pale uani, anamfundisha Mama Ratiba kukimbia kinyumenyume, kwa sababu refa haupi mpira mgongo.

"Bibi, nitazame mimi, usitazame nyuma!"

"Na nikianguka?"

"Ukianguka unapuliza filimbi, unasema wewe ndiye uliyechezewa vibaya."

"Mama, karai!" mkwe anapiga kelele kutoka dirishani, lakini amechelewa. Mama Ratiba amekalia karai la nguo, bukta ya marehemu imemkaa kama gunia, na wajukuu wamelala chini kwa kicheko. Yeye anatoa kadi ya njano mfukoni, analionyesha karai.

Likabaki suala la nani ampangie. Kujipangia mwenyewe alikataa katakata, maana hajawahi kumruhusu refa yeyote achague mechi yake. Akamwachia Mzee Njano.

Mzee Njano alikuja kibarazani akiwa amejiandaa kumaliza kazi kabla chai haijapoa.

"Uwanja wa shule ya mtoni," akasema.

"Mjukuu wangu anacheza beki pale."

"Basi wale wa shule ya kanisani."

"Kocha wao alimwoa binti wa dada yangu."

"Wale wa nyuma ya kiwanda?"

"Wale sawa. Ila watacheza na nani? Na mshika kibendera umtoe wapi? Fundi bomba Jumamosi asubuhi yuko kwa wateja, nesi yuko zamu, mwalimu wa hesabu wanafunzi ni wake."

Mzee Njano alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Chai ikapoa. Alipiga simu huku na huku, akabembeleza, akagombezwa na mke wa kinyozi. Alipopata mechi alikuwa anatoka jasho kuliko siku zake za uwanjani.

"Shemeji," akasema, "hii kazi umeifanyaje bila kichaa?"

"Nani kakwambia sina?"

Jumamosi imefika. Umande haujakauka uwanjani, na mistari imechorwa kwa majivu. Watoto wa shule ya nyuma ya kiwanda wanapasha miili moto, wengine pekupeku. Wazazi wachache wamesimama pembeni na miavuli ya jua. Kinyozi amefika na kibendera kimoja. Kibendera cha pili amekishika Mzee Njano mwenyewe, kwa kuwa mtu mwingine hakupatikana, na goti lake limefungwa bandeji.

Mama Ratiba amevaa jezi ya rangi ya machungwa aliyoazimwa na nesi. Imembana tumboni, naye amekubaliana nayo. Filimbi imening'inia shingoni. Anaigusa kila mara, kama mtu mwenye mkufu mpya.

Anasema akimaliza mechi hii na kiti kikibaki chake, ana jambo moja la kufanya. Anataka kila refa mpya, kabla ya kupelekwa kwenye uwanja wenye kelele, apite kwanza kibarazani kwake Jumapili jioni, akae na wazee kama Mzee Njano, ile sauti ya uwanja aambiwe mapema. Birika kubwa analo bado. Ameshalisugua.

"Ungeniuliza mwaka juzi, nisingeliona hilo," anasema. "Shemeji kanichoma, lakini kanichoma penye jipu."

Manahodha wawili wadogo wanakuja katikati, wanatazama bibi aliyevaa bukta, wanatazamana. Mmoja anaanza kucheka. Mama Ratiba anamkazia jicho, na kicheko kinarudi kilikotoka.

Mzee Njano anachechemea mpaka alipo, anajifanya anamrekebishia kola ya jezi. Sauti yake ni ya chini, ya kibarazani.

"Kikao kimekwisha, shemeji. Hapa si mjumbe, ni mimi tu. Swali langu hukunijibu. Ulikuwa unaipenda hii kitu kuliko sisi sote, nakuona hata sasa hivi unavyoigusa hiyo filimbi. Kwa nini hukupuliza?"

Mama Ratiba anatazama saa, anatazama golikipa wa huku na wa kule. Filimbi iko mdomoni tayari. Anaitoa.

"Niliomba, shemeji. Mwaka ule nilioolewa, pale pale kibarazani, wote mkiwepo, na birika mkononi. Mume wangu akakutazama wewe. Ukaniambia nisubiri kidogo."