Baba Alivyoyangoja Maji

Harufu ya bahari, ilipofika mtaani kwetu Kawangware kwa mara ya kwanza, ilikuwa harufu ya kitu kilichooza. Najua wengine wakitajiwa bahari huwaza upepo mwanana na mchanga mweupe. Mimi huwaza hoteli ya chai iliyokuwa mbele ya ploti yetu miaka ya sabini, na tangi la kioo lililowekwa karibu na dirisha, limejaa maji ya chumvi na mawe yaliyonuka kama mayai viza. Wateja waliingia, wakavuta pumzi moja, wakatoka kwenda kunywa chai kwa jirani. Harufu ile ilichanganyika na mafuta ya mandazi, moshi wa makaa na tope la mtaro uliopita mlangoni, ikaingia hadi kwenye sare yangu ya shule, na hakuna sabuni ya kipande iliyoweza kuitoa. Darasani wenzangu walisogea mbali nami. Nilikuwa na umri wa miaka minane, na tayari walikuwa na sababu nyingine ya kunikwepa, maana nilikuwa na kigugumizi kibaya. Sasa wakawa na mbili.

Mwenye tangi alikuwa baba yangu. Alitoka Bungoma akiwa kijana kuja kutafuta kazi Nairobi, na bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Lakini alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika nyumba ya Mzungu mmoja kule Lavington, ambaye aliwafuga samaki wa baharini sebuleni kama wengine wanavyofuga paka. Mzungu aliporudi kwao alimwachia Baba tangi, mashine ndogo ya kupuliza hewa majini, vichupa vya dawa ya kupimia maji, na maarifa yote ya kazi hiyo. Chumba tulichopanga hakikuwa na umeme, ila hoteli ilikuwa nao. Basi Baba akamshawishi mwenye ploti, ambaye vyumba vyote na hoteli vilikuwa vyake, kwamba watu wangetoka hata Kibera kuja kunywa chai huku wakitazama samaki wa Mombasa. Mwenye ploti akakubali, akaahidi kwamba mambo yakienda vizuri Baba angekuwa msimamizi wa hoteli, na sisi tungehamia vyumba viwili vya mbele vyenye sakafu ya saruji. Mama, aliyekuwa akiuza sukuma wiki kando ya barabara, alianza kuzungumzia mapazia. Kila kitu nyumbani kikawa kinategemea maji yale, hata amani ya ndoa.

Sasa niseme ukweli: kwa maji, baba yangu alikuwa na subira ambayo sijaiona tena kwa binadamu. Maji na mawe vilikuja kwa treni kutoka Mombasa, maji katika mitungi ya plastiki, mawe yamefungwa kwa magunia mabichi. Mawe hayo yalikuwa na uhai, vijidudu na viumbe vya baharini ambavyo vingine vilikufa njiani, na hivyo vilivyokufa ndivyo vilivyonuka. Baba alisema lazima vioze mpaka viishe, kwa sababu maji yenye vitu vinavyooza ni sumu, na samaki akitiwa mapema atakufa. Yakaja majuma ya kungoja. Harufu ilipopungua, mawe yakaota utando wa kahawia kama sufuria ya uji iliyosahauliwa, na mwenye ploti akaleta majivu na waya wa kusugulia. Baba alisimama mbele ya tangi kama anayezuia ng'ombe. "Haraka haraka haina baraka, mzee," akamwambia. "Hii maji bado ni mtoto. Ukiisukuma itakufa." Maji ya bomba ya kuongezea aliyaacha kwanza kwenye ndoo mpaka ile dawa ya kusafishia inayotiwa na jiji itoke. Kila asubuhi aliketi kwenye kibao, akatia matone ya dawa kwenye kichupa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha na kuitazama rangi ikibadilika, uso wake umetulia kama wa mtu aliye kanisani.

Mtu huyo huyo alikuwa akija nyumbani na kunitazama mimi nikihangaika na neno moja, na kabla sijalimaliza alikuwa ameshapiga vidole. "Haraka, Nekesa. Haraka." Nikitaka kuomba kitabu, yeye alisema, "Kikombe? Kijiko? Kiatu? Unataka nini?" akichagua maneno kama anayechagua viazi sokoni, na mimi mwishowe nilikubali kikombe ili yaishe. Nimewahi kunywa maji mengi nisiyoyataka kwa sababu hiyo. Mama alimwambia, "Mpatie nafasi amalize," na yeye akajibu kwamba hana siku nzima. Lakini siku nzima alikuwa nayo, nilimwona nayo, ameketi kwenye kile kibao akingoja jiwe. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, na yeye alilitoa neno hilo mbele ya wateja kila siku. Mimi nililichukia, kwa sababu nilijua uvumilivu ule ulikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulianzia kwangu. Nililichukia na tangi. Nakiri hata leo sioni haya kwa chuki hiyo, mtoto hachagui wa kumwonea wivu.

Kisha siku moja maji yakawa tayari. Yalikuwa safi hata ungedhani tangi ni tupu, na mawe yalikuwa yameanza kupata madoa ya zambarau. Samaki wawili wakaletwa kwa treni ndani ya mfuko wa plastiki, wa manjano wenye milia myeusi, kila mmoja mdogo kuliko kiganja changu. Kawangware ilimiminika. Mafundi walikuja na misumeno yao, akina mama na vikapu vyao, vijana waliokuwa wakitembea tu wakaagiza chai wasiyokuwa na hamu nayo. Mwenye ploti akaanza kumwita Baba "meneja" kwa mzaha wa nusu nusu, na Mama akaenda kupima madirisha ya vile vyumba vya mbele kwa kamba. Nilimchungulia Baba akicheka na watu, nikafikiri labda sasa, maji yakiwa yamekwisha kukua, zamu yangu itafika.

Mpishi wa hoteli alikuwa Wafula, mdogo wake Baba. Alikaa Kibera, sehemu iitwayo Lindi, na kila alfajiri alikuja kwa miguu kukanda unga wa chapati. Tulimwita Baba Mdogo. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, asiyeweza kupita karibu na sufuria bila kuionja. Baba alipozidiwa na sifa, akawa anamwachia kazi ya kuongezea maji asubuhi, kwa sababu maji ya tangi hupungua yakiguswa na joto. Kinachopaa ni maji matupu, chumvi yote hubaki, kwa hiyo unaongeza maji yasiyo na chumvi. Hayo nimeyajua baadaye. Baba hakumweleza ndugu yake, kueleza watu kulimchosha. Alimwambia tu, "Ongeza mpaka hapa," akachora alama kwenye kioo, akaenda kusalimiana na wateja.

Basi asubuhi moja, kabla ya shule, nilimkuta Baba Mdogo amesimama penye tangi akikoroga kikombe. Mkononi alikuwa na mkebe wake wa magadi, yale aliyokuja nayo kutoka nyumbani ya kulainishia mboga za kienyeji. "Naongeza maji kila siku na hakuna mtu anaongeza chumvi," akaniambia kwa sauti ya mtu anayetunza siri nzuri. "Hata mchuzi ukiongeza maji lazima ukoleze. Hawa samaki wanakula maji isiyo na ladha." Chumvi ya jikoni ilikuwa ya mwenye ploti, hakutaka kuigusa, lakini magadi yalikuwa yake mwenyewe, na kwao Bungoma hakuna kitu magadi yalichoshindwa kurekebisha. Akamimina kidogo. Maji pale yalipoanguka yakawa meupe kama tui, kisha weupe ukatawanyika. Akatia tena maji katika kikombe, akachota magadi mengine.

Nilimkimbilia Baba. Alikuwa nje, anaongea na mwenye ploti juu ya vile vyumba viwili. Nilimvuta shati. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njiani, machache kadiri nilivyoweza: Baba Mdogo anatia magadi. Lakini kigugumizi hakijali mipango. "Ba... Ba..." nikaanza.

"Mimi hapa. Sema."

"Baba M... M..."

"Mwalimu? Mkate?" Akapiga vidole. Mwenye ploti akacheka kwa pua. Nilimwona Baba akiona aibu, na aibu yake ilinikaba kuliko ulimi wangu. Nikaonyesha hotelini kwa kidole. "Ma... ma..."

"Maji? Maji iko sawa, nimeiangalia saa hii," akasema. "Enda shule, Nekesa. Hapa watu wakubwa wanaongea." Akanigeuza kwa mabega, akanisukuma taratibu kuelekea barabarani, na kabla sijafika kwenye mtaro nikamsikia akimwambia mwenye ploti kwamba siri ya kazi hii ni subira tu.

Niliporudi, tangi lilikuwa jeupe kama bakuli la uji. Samaki mmoja alikuwa ameelea ubavu, mwingine alikuwa bado anapanua mdomo juu ya maji, na akaacha tukimtazama. Hoteli ilikuwa imejaa watu na hakuna aliyekunywa. Baba alipitisha kidole kwenye kioo, akakuta punje nyeupe zimegandama, akazionja. Akauliza ni nani. Baba Mdogo hakudanganya, hilo nampa. Alisema, "Ni mimi. Nilikoleza kidogo, nilijua nasaidia." Halafu, kwa kuwa alikuwa anaogopa na mwenye kuogopa hushika chochote kilicho karibu, akaongeza, "Hata Nekesa aliniona, na hakusema kitu."

Nilingoja Baba amgeukie ndugu yake. Alinigeukia mimi. "Uliona?" akasema. "Uliona, ukanyamaza?" Nilifungua mdomo. Mungu ndiye shahidi wangu, niliufungua. Neno la kwanza lilikuwa bado limekwama kwenye meno kofi liliponifikia, na la pili likafuata, mbele ya mafundi na akina mama na vijana wa kutembea tu. Ndugu yake hakumgusa. Alisema Wafula hakujua, na asiyejua hana kosa. Mimi nilijua, kwa hiyo kosa lilikuwa langu. Ndivyo watu wakubwa walivyolipima jambo lile siku ile, na hakuna aliyeona kipimo kimepinda isipokuwa Mama, ambaye alinishika mkono akanitoa nje, kamba ya kupimia madirisha ingali imeviringishwa kwenye kiganja chake.

Mwenye ploti hakuwa mtu wa kungoja mara ya pili. Mawe yalitupwa kwenye mtaro, tangi likakaushwa likawa kabati la mandazi, na lilifanya kazi hiyo vizuri kwa miaka mingi. Baba alirudi kutafuta vibarua. Vyumba vya mbele vilipangishwa kwa fundi cherehani. Hakunipiga tena kwa ajili ya jambo lile, ila aliacha kuniuliza chochote, na nyumba ambamo mtu haulizwi kitu ni ndefu sana, hata ikiwa ni chumba kimoja.

Leo ninaishi Nyayo Highrise, na kutoka dirishani naona mabati ya Kibera, yameongezeka kuliko nilivyoyajua. Maji ya bomba yanakuja siku yanapopenda, na sisi tunayangoja na ndoo zetu kama kawaida ya Nairobi. Kule kwenye maduka makubwa ya matajiri nimeona matangi ya bahari yenye taa za buluu, na vijana waliosomea kazi hiyo wakiyatunza kwa mashine zinazopima kila kitu zenyewe. Samaki hawafi ovyo siku hizi. Na shuleni kwa wajukuu wangu yupo mwalimu wa watoto wenye ulimi kama wangu, kazi yake ni kuketi na kungoja tu. Nilipomwona mara ya kwanza nilikasirika hata nikashindwa kumsalimia, kwa sababu nilitambua kwamba nilichokikosa hakikuwa dawa wala muujiza. Kilikuwa kibao cha kukalia.

Baba ni mzee sana sasa. Anapokuja Nairobi kutoka Bungoma kwa ajili ya kliniki hukaa kwangu, na kila mara huwasimulia wajukuu wangu hadithi ya samaki wa Kawangware. Huisimulia vizuri, wanacheka panapofaa, na huimaliza kwa kunielekezea kidevu: "Huyu hapa angesema, mimi ningekuwa tajiri." Miaka yote hiyo niliendelea kukoroga chai. Safari iliyopita nilizima jiko nikaja kuketi mbele yake. Nilimwambia yote, ndugu yake na magadi, shati nililolivuta, vidole vyake, jinsi alivyonigeuza kwa mabega. Ulichukua muda mrefu usimulizi ule, na mara mbili alijaribu kunimalizia neno, nikamwacha akakosea, kisha nikalirudia langu. Nilipofika mwisho alitazama zulia.

"Sasa si ungesema wakati ule," akasema.

Nilianza kumjibu. Neno la kwanza likakwama pale pale linapokwama siku zote, naye akanyoosha mkono kuchukua mkongojo wake ili ainuke aende kulala. Niliutangulia mkono wake. Nikauchukua mkongojo, nikauweka nyuma ya kiti changu, nikaendelea na neno langu.