Hewa ya Mutsamudu Ilivyopumua

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa kituo cha hali ya hewa Moroni hakunipa kalamu, alinipa kitambaa. "Anza kufuta kioo cha barometa," alisema. "Diploma yako tutaitazama siku ya kimbunga." Wenzangu wakacheka. Mimi nilizaliwa Unguja, nikaosha sahani za watu Ulaya huku nikisoma, nikarudi visiwa vya baba zangu na cheti ambacho hakuna mwingine pale aliyekuwa nacho. Nilifuta kioo. Kabla ya mwaka kwisha, waliocheka walikuwa wakiniletea hesabu zao nizisahihishe.

Ilikuwa miaka ya mamluki. Wazungu wenye bunduki walishika kambi na barabara, na watu walijifunza kunyamaza gari lisilo na namba linapopita. Nami kazi yangu ikawa kujaza majedwali tu. Sayansi niliyoipenda tangu utotoni ikawa kama chumvi iliyolowa: ni chumvi bado, ila haimwagiki.

Nikapandishwa cheo, nikapelekwa Mutsamudu, kisiwa jirani, kuwa mkuu wa kituo: chumba kimoja cha mawe juu ya mji, unakifikia kwa vichochoro na ngazi. Humo nilimkuta Bakoko Saidu, yaani Babu Saidu, msomaji wa vipimo wa miaka mingi, asiye na cheti. Nikaikuta pia barografu, mashine yenye kalamu inayochora mgandamizo wa hewa kwenye karatasi inayozunguka polepole. Kalamu ile ilichora wimbi: kilele saa nne, bonde saa kumi, mara mbili kwa siku, usiku na mchana, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Bakoko, mashine hii ina nini?"

"Haina kitu, fundi. Hewa inapumua."

"Hewa haina mapafu."

"Basi iambie iache."

Nilikosomea, kalamu hufuata dhoruba, haifuati saa. Nikaamua kwamba mashine ni mbovu, na mzee anabuni namba za barometa ili zilingane nayo. Nikaandika Moroni: "Namba hizi hazitoki angani." Sentensi ile niliipenda.

Barua ilifunguliwa njiani. Kapteni mmoja wa mamluki akauliza nisilouliza mimi: ikiwa hazitoki angani, na kila siku zinatumwa kwa redio, basi ni ujumbe wa nani kwenda kwa nani? Wakamchukua mzee.

Mkewe alinijia ameshika makubadhi ya mumewe. "Ameondoka bila viatu," alisema. "Wewe unajua kuandika, mwanangu. Andika tena."

Sikuandika. Niliogopa, na niliamini kwamba niko sahihi. Mle chumbani kalamu iliendelea, juu saa nne, chini saa kumi. Nikaanza kuufungua mlango taratibu, kama mtu anayechelea kumwamsha mwingine.

Ijumaa ya wiki hiyo, baada ya alasiri, tajiri mmoja wa mji aliyekuwa na televisheni na deki alionyesha kanda za mfululizo wa filamu za sayansi kutoka Ufaransa. Alikuwa akionyesha sehemu moja kila wiki, nasi tulikaa mkekani. Siku hiyo ilikuwa zamu ya hewa. Msimulizi alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa siri, kwamba jua linapoipasha hewa, hewa ya dunia nzima hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Karibu na ikweta wimbi hilo huonekana wazi, nchi za baridi dhoruba hulifunika. Kisha kwenye kioo ikatokea karatasi, na juu yake wimbi lilelile la chumbani kwangu.

Jirani akanigusa. "Mzanzibari, unalilia mstari?"

Ndiyo, nilikuwa nalia, na kwanza ilikuwa furaha. Miaka yote ile ya majedwali, kitu kile kilikuwa kikipita kati ya vidole vyangu. Aibu ilifuata njiani, kwenye ngazi.

Asubuhi nilikwenda kwa kapteni na diploma yangu. "Aliyekosea ni mimi," nilisema. "Njoo uone. Kalamu itapanda hadi saa nne, kisha itashuka."

Alikuja. Alikaa na saa yake mkononi. Saa nne kalamu ikasita, ikaanza kushuka. Kapteni akageuka kuutazama mlango, kana kwamba kuna mtu ameingia. Jioni ile Bakoko Saidu alirudi kwake.

Walikuwa wamemfungia chumba kisicho na dirisha. Nilimuuliza alijuaje nyakati za sala.

"Kwa hewa. Ila Jumanne, karibu na adhuhuri, ilikwama kidogo. Nikahofu."

Nilipanda kituoni, nikaifungua karatasi ya wiki ile. Jumanne, karibu na adhuhuri, mstari ulikuwa na mkwamo mdogo, upana wa ukucha.

Nimestaafu nikiwa nimewafundisha wasomaji wa vipimo wa visiwa hivi karibu wote, na sikuwahi kukosa jibu darasani. Hilo la Jumanne sijalifundisha kamwe. Sebuleni kwangu Moroni diploma imetundikwa ukutani, na chini yake karatasi ya wiki ile. Wageni huisifu diploma, nami huwaacha, maana ni nzuri. Saa nne ikikaribia huwaomba wanyamaze.