Kumi na Wanne Waliohesabiwa Mferejini

Usiku ule wa Januari nilikaa jikoni na simu mkononi, koti juu ya nguo ya kulalia, nikisubiri kujua kama mwanangu yu hai. Jioni polisi wa mji wetu wa Alverda walikuwa wameshuka mferejini, walikoishi watu sabini wasio na nyumba, Fidencio wangu akiwamo. Walikwenda na mbwa na tingatinga. Jirani aliona mtu akiburutwa kwa miguu, kichwa kikigonga mawe.

"Alivaa koti jekundu?" nilimuuliza.

"Mama Fide, damu ilikuwa nyingi. Kila koti lilikuwa jekundu."

Fidencio alianza kazi kwenye kiwanda cha nyanya akiwa na miaka kumi na minane. Mkanda wa mashine ukamvuta mkono, bega likang'oka. Daktari akampa vidonge. Vilipokatazwa, akavitafuta barabarani. Alipofika miaka ishirini na sita alikuwa amempasua baba yake kichwa kwa sepetu, na mimi amenivunja mkono kwa ajili ya mkufu niliokataa auze. Binti yake, Itzel, alikuwa chini ya meza akitazama. Mwenye nyumba akatuletea barua: huyo akilala humu hata usiku mmoja, mtatoka nyote. Basi akaenda mferejini, na mtoto tukabaki naye sisi.

Tumaini langu lilikuwa vibanda. Jimbo la California lilisema litaipa miji midogo fedha za kujenga vibanda vya kulala, kimoja kwa mtu mmoja, chenye mlango na kufuli. Fedha hizo zingetegemea idadi ya watu watakaokutwa nje siku ya hesabu. Na hesabu ni alfajiri moja tu kwa mwaka; watu wa kujitolea kutoka kaunti huja na tochi, wakauliza majina. Mji wetu ulitarajia vibanda thelathini.

Lakini wakubwa wa mji waliona aibu. Wageni wanakuja, nasi tuna mahema mferejini? Wakafanya kama mtu anayefagia uwanja kabla ya ugeni. Wakafagia watu, jioni ya kuamkia hesabu.

Saa kumi na moja alfajiri simu ikalia. Ni Nadine, mama wa kanisani aliyekuwa akihesabu.

"Yuko hai, dada. Meno mawili hana. Wamewapakia kwenye basi, wamewatupa ng'ambo ya daraja, kaunti nyingine."

"Na hesabu?"

"Kumi na wanne." Akavuta pumzi. "Niambie, ni mfugaji gani anafukuza ng'ombe siku ya kuhesabu zizi?"

Walirudi kwa miguu, mmoja mmoja. Kabla majira ya joto hayajaisha vibanda vikaja: sita. Kwenye mkutano naibu meya alisema jimbo limetuonea. Mzee Lonnie, mwenye mguu mmoja, akapiga kelele kutoka nyuma: "Jimbo lina makosa gani, bwana? Si ulitubeba mwenyewe! Hata nauli hukunidai!"

Watu wakacheka. Kisha likasomwa sharti, na kicheko kikafa: majina yatachotwa kwenye ndoo, na ndani ya ndoo ni wale kumi na wanne tu.

Kibanda cha sita kilimwangukia Dwight Mabry, aliyelala hema moja na Fidencio miaka miwili. Siku ya kukabidhiwa funguo nilikwenda na maharage na chapati za mahindi, nikidhani nitamtuliza mwanangu. Nilimkuta ameshika bomba la chuma.

"Tulale wote humo, Dwight. Mimi sakafuni."

"Wakikukuta wananitoa. Nenda zako, kaka."

"Nilikulisha mimi!"

"Nami nilikaa kwenye mtaro wa maji machafu usiku kucha nihesabiwe! Wewe ulihesabiwa wapi?"

Fidencio akampiga bomba la taya. Nilisikia mfupa. Dwight alianguka, akainuka na kisu cha kufungulia makopo, akamchana mwanangu kutoka sikioni hadi mdomoni. Wakagaragazana juu ya chakula changu. Fidencio alimpiga kichwa kwenye ngazi ya kibanda, mara moja, mara mbili, mpaka macho ya Dwight yakageuka meupe. Nilimshika shati, akanitupa kama gunia. Ving'ora viliposikika alikimbia. Dwight walimbeba, ufunguo ungali ngumini.

Jua halijazama, mlango wetu ukagongwa.

"Mama. Fungua."

Mume wangu alisimama koridoni na rungu lake la besiboli. Itzel alikuwa ameingia chini ya meza bila kuambiwa.

"Nikuitie gari la wagonjwa, mwanangu?"

"Watakuja na polisi. Usiku mmoja tu, mama. Nimechoka."

"Dwight amekufa?"

Akapiga mlango teke. Mbao ikalia, plasta ikamwagika kwenye nywele zangu.

"Mimi ni nani wako? Sema! Hata wewe hunihesabu?"

"Wewe ni mwanangu," nilisema, mgongo wangu ukiwa mlangoni, miguu nimeikaza sakafuni. Kila teke liliniingia mbavuni. Nilihesabu kumi na moja. Halafu akaacha kupiga, akateleza chini upande wa pili, nikasikia akipumua kwa lile shavu lililochanika.

Sikufungua.