Mwani wa Tome Uliopimwa Alfajiri

Mara ya kwanza nilipokwenda kununua mwani kwa Kumagai Tome, alinipa chai, akanipa figili za chumvi, akaniuliza habari za mke wangu, ila ghala hakulifungua. Ilikuwa adhuhuri, upepo mkavu unavuma, saa niliyoichagua mwenyewe. Mwani uliokaushwa ukikutana na ukungu hunywa maji ukawa mzito, na mimi sina mazoea ya kulipia maji.

"Njoo alfajiri, Bwana Oikawa," aliniambia.

"Alfajiri kuna ukungu, mama."

"Kwani ukungu unauma?"

Alikuwa mjane mfupi, mwenye mabega ya mpagazi. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa ya ghuba, kwa kuwa ile ya kwanza ilibebwa na wimbi la mwaka 1933, na mumewe akiwa ndani. Wengine waliohamia juu wakati ule walikwisha kurudi chini mmoja mmoja, wawe karibu na mashua zao. Tome alibaki, akawa anapandisha mwani mlimani kwa mgongo. Nilipomsifu kwa uangalifu wake alinicheka: "Uangalifu gani? Naona uvivu kujenga mara ya tatu."

Basi tukavutana hivyo miaka kadhaa. Mwaka huu tunapima asubuhi jua likiwa limechomoza kidogo, mwaka ule mchana. Majira ya kuchipua ya 1960 akanibana. Mnunuzi kutoka Sendai alikuwa ameanza kuzungukazunguka kijijini, na Tome hakuona sababu ya kunificha.

"Yule wa mjini yuko tayari kupima hata kwenye mvua," alisema.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuwaahidi wenye maduka wa Morioka mwani wa Tome, wote. Nikiukosa, nimekwisha. Tukakubaliana bei, tukapiga makofi pamoja kama ilivyo desturi yetu ya kufunga mapatano, na saa nikamwachia yeye: alfajiri.

Siku hiyo ya Mei niliacha lori langu gatini, karibu na ghala langu nilimolala, nikapanda mlima huku nikinung'unika. Ukungu ulikuwa mzito kama uji. Tome alikuwa amekwisha kutoa mafungu nje, yakae humo vizuri. Tulikuwa tumepima karibu nusu tuliposikia kelele chini. Zenkichi, mpwa wake, alikuwa anapiga mayowe ya furaha.

"Shangazi! Bahari imeondoka! Teremka na kikapu!"

Ukungu ulipopasuka tukaona. Ghuba nzima ilikuwa tupu, mashua zimelala ubavu, samaki wanarukaruka kwenye tope, pweza wanatambaa hadharani. Watu walikuwa wanakimbilia huko na ndoo, wanacheka. Kwetu mtoto akijua kutembea anajua na hili: ardhi ikitikisika, kimbia mlimani, bahari inafuata. Asubuhi ile hata kifuniko cha birika hakikugonga. Basi nani angekimbia? Nami nikachukua kikapu.

"Unakwenda wapi?" Tome akauliza.

"Mama, mali ya bure ile! Narudi sasa hivi."

"Utarudi jua limetoka, ukungu umekwisha, useme tuanze upya. Nakujua wewe. Weka kikapu chini."

"Mama Tome, wenzangu watamaliza!"

Akachomoa jiwe la mizani, akalitumbukiza kifuani mwa nguo yake. "Haya, nenda. Ukirudi utapima kwa meno."

Nilikaa. Nilikaa kwa hasira, nikimtukana moyoni yeye na ukungu wake. Hakujua zaidi kuhusu maji yale kuliko nilivyojua mimi. Alikuwa analinda uzito wake tu.

Kisha bahari ikarudi. Haikuja kama ukuta, ilivimba tu, ya rangi ya udongo, ikazidi kuvimba, ikainua mashua, ikapanda gatini. Niliona ghala langu likigeuka taratibu. Lori sikuliona tena. Tome alikuwa ukingoni mwa uwanja, sauti imemkauka: "Zenkichi! Tupa kikapu, mjinga we! Panda!"

Zenkichi alifika bila kikapu, bila suruali, pweza mmoja amemng'ang'ania mkononi. Wengine hawakufika. Niliwajua wote kwa majina.

Baadaye redio ilisema ardhi ilikuwa imetikisika Chile, ng'ambo ya pili ya bahari, na maji yalikuwa yamesafiri karibu siku nzima kutufikia. Tome akaniuliza Chile ni wapi. Nilipomweleza, akatikisa kichwa. "Mbali kote huko, na wasibishe hodi."

Haukupita muda, yule wa Sendai akaja kwa miguu. Mwani wa wengine wote ulikuwa umeondoka na maghala ya gatini, kwa hiyo akataja bei mara mbili ya yangu. Upimaji haukuwa umekwisha. Hakuna ambaye angemlaumu Tome.

"Muuzie," nilimwambia. "Mimi sina ghala wala lori. Ningekuwa wewe ningemuuzia."

"Ndiyo maana wewe si mimi. Makofi yale niliyapiga kwa mikono ya nani?"

Nusu iliyopimwa akanikabidhi. Nusu nyingine alikuwa anaipika kwenye masufuria makubwa hekaluni, supu ya walionusurika. "Hiyo haijapimwa," alisema, "kwa hiyo si yako." Sikubisha. Mimi na Zenkichi tukaubeba ule wangu mgongoni, tukavuka nao mlima, na kwa huo nikaanza upya.

Tome alipoteza mashua yake na bei ya Sendai. Biashara iliposimama nilimletea mbao za mashua mpya. Akasema zina mafundo, nikambadilishia. Akavulia mashua hiyo mpaka uzeeni, na Zenkichi wake akiwa kwenye usukani. Mimi nilipoteza ghala, lori na marafiki. Nilichopata ni miaka yote iliyofuata, na ndani yake watoto wangu wawili wa mwisho, ambao wanajua vizuri wamshukuru nani. Bei tuliendelea kugombania hadi alipofariki. Ningempa tu alichotaka, angedhani naumwa.