Msalaba Ulioelea

Kila nipitapo mtaa wa Muhima na mpiga viatu rangi akafungua kopo lake, miguu yangu huanza kwenda mbio yenyewe. Kwa wengine harufu ile ni ya viatu. Kwangu ni ya baba.

Tuliishi mtaa wa Kagarama. Baba, aliyekulia Tanzania, alirudi kwao na tezo, patasi na magogo machache ya mpingo, akawa anachonga barazani. Nilikuwa na miaka minane, binti asiyetulia, nikimzunguka siku nzima hadi nyayo zangu zikawa nyeusi kwa vumbi la mti.

“Miti mingine huelea,” alizoea kuniambia. “Mpingo huzama. Hauna haja ya kujieleza.”

Asubuhi moja alikuja jirani yetu Mama Aline, Mrundi, macho mekundu. Mama yake alikuwa azikwe saa nane, naye alikuja kuchukua msalaba wa kuweka mikononi mwa marehemu. Baba akampa mmoja uliong’aa kwa weusi.

“Fundi, hii iko mpingo kweli? Mukecuru, mama yangu, alisema hataki ya kuoza.”

Baba akakohoa. Nikaona uchungu kwamba hakuaminiwa, basi nikaunyakua msalaba na kuutumbukiza kwenye ndoo ya maji.

“Ngoja uone unavyozama, mama.”

Ukaelea. Ukazunguka taratibu kama bata, ukiacha utando mweusi unaonuka dawa ya viatu. Nilitamani kukimbia, nikabaki nikiukandamiza kwa kidole, na kila nilipouachia, uliibuka.

Baba aliingia ndani, akatoka na fimbo ya marehemu babu, mpingo mtupu, iliyosimama nyuma ya mlango tangu tuhamie. Akaanza kuikata kwa msumeno.

“Acha, Fundi. Iko ya mzee hiyo.”

“Mzee hatembei sana siku hizi,” alisema baba.

Vipande viwili, akavichonga pengo katikati, vikaumana kuwa msalaba bila msumari. Mama Aline akanyoosha mikono kuupokea, lakini baba aliutosa kwanza ndooni. Ukashuka moja kwa moja, ukagonga chini: ko.

Miaka mingi niliamini alikuwa akimthibitishia mteja. Leo nakumbuka vizuri zaidi. Mama Aline alikuwa amegeuka, anafuta machozi kwa kitenge, hakuona kitu. Baba, mikono juu ya maji, alikuwa akinitazama mimi.